Zoezi Lipi Huchoma Kalori Nyingi, na kwa Muda Gani?

Anayeamua kupunguza mwili huanza kwa kuuliza zoezi linalochoma kalori nyingi kuliko mengine. Humuuliza mwalimu wa jimu, jirani aliyekonda, wenzake wa kikundi cha mchakamchaka cha Jumamosi. Majibu hayalingani. Mmoja humwambia aruke kamba, wa pili anyanyue vyuma, wa tatu humhakikishia kwamba kutembea kunatosha. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila kinachokosekana ni hesabu ya kuziunganisha sehemu hizo. Hesabu hiyo si ngumu. Ukiielewa, utaweza kuupima ushauri wowote unaopewa, na utaona kwa nini zoezi linaloongoza kwenye jedwali mara nyingi si litakalokufaa hadi mwakani.

Kipimo chenyewe

Kalori inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula na kwenye mashine za mazoezi ni kilokalori, yaani nishati inayoweza kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzijoto 1. Hapa tutaiita kalori, kama ilivyozoeleka. Mwili huitumia hata ukiwa umelala, kwa sababu moyo, ini na ubongo havipumziki. Kwa watu wengi matumizi hayo ya mwili uliotulia ni kati ya asilimia 60 na 70 ya kalori zote za siku. Kumeng'enya chakula huchukua karibu asilimia 10. Zinazobaki ndizo za kila aina ya mwendo, kuanzia kufagia uwanja hadi kukimbia mbio ndefu.

Ili kulinganisha shughuli moja na nyingine, wataalamu hutumia kipimo cha meti. Meti moja ni matumizi ya mtu aliyekaa kitako ametulia, nayo ni takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Kazi ya meti tano hutumia mara tano ya hapo. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Barbara Ainsworth walichapisha orodha ya mamia ya shughuli, kila moja na meti zake, na orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Kwa viwango vya toleo la 2011, mtu wa kilo 70 akifanya zoezi kwa nusu saa hutumia takriban kalori hizi:

- Yoga ya taratibu (meti 2.5): 88
- Kutembea kilomita 4.8 kwa saa (3.5): 122
- Kutembea haraka, kilomita 6.4 kwa saa (5): 175
- Kunyanyua vyuma kwa bidii (6): 210
- Baiskeli, kilomita 16 hadi 19 kwa saa (6.8): 238
- Mpira wa miguu wa kujifurahisha (7): 245
- Kukimbia kilomita 8 kwa saa (8.3): 290
- Kuogelea kwa kasi (9.8): 343
- Kuruka kamba, mara 100 hadi 120 kwa dakika (11.8): 413

Namba hizi zina jambo moja la kuangaliwa. Ndani yake zimo kalori ambazo mwili ungetumia hata kama ungebaki kitini. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni 35 kwa kila nusu saa. Faida halisi ya kutembea mwendo wa kawaida, basi, si 122 bali 87, na ya kukimbia si 290 bali 255. Kadiri zoezi linavyokuwa jepesi ndivyo makato hayo yanavyolipunguza zaidi, na ndiyo maana yoga iliyoandikiwa 88 huongeza 53 tu juu ya kukaa.

Nani anaweza kuruka kamba nusu saa?

Kwa jedwali hilo pekee, kamba imeshinda. Lakini mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mingi hataruka kamba kwa nusu saa mfululizo. Ataruka dakika mbili, atahema, atapumzika, ataruka tena, na mwisho wa nusu saa huenda dakika za kuruka zikawa nane. Jedwali humpa kalori za dakika, na jumla hutegemea dakika alizoweza. Huu ndio msingi wa hesabu nzima: kalori za zoezi ni uzito wako, mara ukali wa zoezi, mara muda unaolifanya, mara idadi ya siku unazolirudia. Watu huiangalia tarakimu ya ukali peke yake, ilhali ile ya siku ndiyo huwa ndogo kuliko zote.

Uzito nao una nguvu kuliko tunavyodhani. Kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, na kasi hubadilisha kiwango hicho kidogo sana. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa atatumia karibu kalori 360. Akizikimbia kwa karibu kilomita 10 kwa saa atatumia karibu 355. Amemaliza mapema, lakini gharama ni ileile. Kwa kanuni hiyo, mkimbiaji mwepesi wa kilo 55 hutumia takriban kalori 2,300 kumaliza kilomita 42.195 za marathoni, na mtu wa kilo 85 anayefika saa tatu nyuma yake hutumia takriban 3,600. Eliud Kipchoge alipokimbia Berlin kwa saa 2:01:09 mwaka 2022, maelfu waliomaliza nyuma yake wakiwa na miili mizito kuliko wake walichoma kalori nyingi kumzidi. Mwenye mwili mkubwa anayejiona mnyonge kwa sababu anakwenda polepole anapaswa kulijua hili: kila kilomita anayoipiga inamgharimu kuliko inavyowagharimu wepesi wanaompita.

Kutembea ni nafuu zaidi kwa kilomita, lakini si kwa kiasi ambacho watu hufikiri. Kilomita 5 za kutembea mwendo wa kawaida humpa mtu wa kilo 70 takriban kalori 180 baada ya kutoa zile za kukaa. Zikikimbiwa, humpa takriban 320. Kutembea kumefikisha zaidi ya nusu, tena kwa magoti yasiyogonga chini kwa kishindo. Baiskeli iko upande wa pili. Magurudumu yanabeba uzito wako, hivyo kilomita moja ya baiskeli kwenye barabara tambarare hugharimu chini ya nusu ya kilomita ya kukimbia. Anayependa baiskeli ahesabu dakika zake, asijipongeze kwa umbali.

Mwili uliozoea hutumia kidogo

Kuna kitu kingine ambacho jedwali halikionyeshi, nacho ni uzoefu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Kenya na Geoffrey Maloiy na wenzake. Walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo kichwani, na wanawake wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, huku wakitembea juu ya mashine. Wanawake hao walibeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wao bila matumizi yao ya nishati kuongezeka. Mtu asiyezoea hulipa kwa kila kilo anayobebeshwa. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulionyesha kwamba siri ilikuwa katika namna mwendo wao ulivyohifadhi nishati kutoka hatua moja hadi nyingine.

Kwa mwenye mzigo wa kuni au ndoo ya maji, ustadi huo ni baraka. Kwa mwenye lengo la kutumia kalori, una maana nyingine: zoezi ulilolizoea sana litakugharimu kidogo kuliko siku ya kwanza. Mwili umejifunza, na pengine umepungua kilo, kwa hiyo unasafirisha mzigo mwepesi. Ndiyo sababu mtu anayetembea njia ileile kwa mwendo uleule huona uzito umegoma baada ya miezi michache. Hajakosea popote. Zoezi lake limekuwa jepesi, na linahitaji kuongezwa muda, kasi au mlima.

Yanayowapotosha wengi

Jasho ndilo la kwanza. Mtu hukimbia akiwa amevaa koti zito au amejifunga nailoni tumboni, halafu hupanda mzani na kuona amepungua kilo. Kilichotoka ni maji, na yatarudi kwa glasi chache. Jasho ni njia ya mwili kupoza joto, na katika hewa yenye unyevu ya Dar es Salaam au Mombasa hutiririka hata kwa kazi ndogo. Kujifunika ili litoke zaidi hakuongezi mafuta yanayochomwa, na kunaweza kumwangusha mtu kwa joto. Mazoezi ya tumbo nayo hukaza misuli ya tumbo, lakini hayachagui mafuta yaliyo juu ya misuli hiyo. Mwili huchukua mafuta mahali unapotaka wenyewe.

Pili ni namba za saa za mkononi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu aina saba za saa hizo. Nyingi zilipima mapigo ya moyo vizuri, lakini katika kalori, hata ile iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Itumie saa kulinganisha leo na jana. Usiitumie kujiruhusu kula.

Tatu ni maelezo kwamba zoezi jepesi ndilo huchoma mafuta. Ni kweli kwamba mwili unapokwenda taratibu hupata sehemu kubwa ya nishati kutoka kwenye mafuta, na unapokwenda kasi hutegemea zaidi sukari. Lakini sehemu kubwa ya kitu kidogo yaweza kuwa ndogo. Tuseme asilimia 60 ya kalori 122 za kutembea zimetoka kwenye mafuta: hizo ni 73. Asilimia 40 ya kalori 290 za kukimbia ni 116. Isitoshe, kinachoamua mafuta yaliyohifadhiwa ni jumla ya siku na wiki, si ya nusu saa moja.

Nne ni ahadi ya kwamba zoezi kali la dakika chache huacha mwili ukiendelea kuchoma hadi kesho. Mwili huendelea kweli, lakini kiasi ni kidogo: takriban asilimia 6 hadi 15 ya kalori za zoezi lenyewe. Zoezi la kalori 300 huacha nyongeza ya kati ya 18 na 45. Mtindo uliopewa jina la Izumi Tabata wa Japani, wa sekunde 20 za nguvu zote na 10 za kupumzika mara nane, ulijipatia sifa kwa utafiti wake wa 1996 kuhusu uwezo wa mwili kutumia oksijeni na kustahimili kazi kali. Hiyo ni faida kubwa. Kalori ni hesabu nyingine: dakika nne, hata kwa ukali wa meti 14, humpa mtu wa kilo 70 kalori 65.

Funzo kutoka Ziwa Eyasi

Utafiti uliotikisa fikra za wengi kuhusu kalori ulifanyika kaskazini mwa Tanzania. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi huwinda, huchimba mizizi, huchuma matunda na kurina asali. Wanaume hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Herman Pontzer, David Raichlen, Brian Wood na wenzao walitaka kujua watu hawa hutumia kalori ngapi. Waliwapa watu wazima 30 maji yenye aina nzito za haidrojeni na oksijeni, kisha wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa. Njia hiyo huonyesha matumizi ya mwili mzima, mchana na usiku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawakutumia kalori nyingi kuliko wafanyakazi wa ofisini wa Marekani na Ulaya.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili huendesha nishati yake kama familia inavyoendesha bajeti ya mwezi. Matumizi ya upande mmoja yakipanda kwa muda mrefu, upande mwingine hubanwa. Kinachobanwa kwa ndani yaweza kuwa uvimbe usio na sababu, homoni za msongo na kazi nyingine za ndani. Wataalamu bado wanabishana juu ya ukubwa wa ubanaji huo. Uchambuzi wa takwimu za watu wazima 1,754 uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba, kwa wastani, asilimia 28 ya kalori za ziada za mwendo hufidiwa na mwili. Katika kila 100 unazodhani umechoma, takriban 72 ndizo huonekana mwisho wa siku, na kwa wenye mafuta mengi mwilini huenda zikawa pungufu ya hapo.

Asitoke mtu hapa akidhani mazoezi ni bure. Wahadzabe hao hao hawana unene wa kupindukia, na vipimo vya hatari ya magonjwa ya moyo kwao viko chini sana. Ikiwa mwendo mwingi huubana mwili uache kuwasha uvimbe na msongo usio wa lazima, basi kalori zisizoonekana kwenye mzani zimefanya kazi nzuri kwingineko.

Ubanaji mwingine uko mikononi mwetu. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Kuna aliyeongeza mafuta chini ya nusu kilo na kuna aliyezidisha kilo nne. Tofauti ilitokana zaidi na mienendo midogo ya mchana: kusimama, kutembeatembea, kutotulia kitini. Anayejichosha alfajiri kisha akalala kwenye kochi mchana kutwa hurudisha kwa mkono wa kushoto alichotoa kwa wa kulia. Zoezi zuri ni lile linalokuacha na nguvu za kuendelea na siku.

Sahani haikwepeki

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Soda ya kawaida ya mililita 500 ina zaidi ya 200, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina karibu 120. Zile 255 za nusu saa ya kukimbia hufutwa na soda moja na vipande vichache vya viazi vya kukaanga, kwa dakika tano. Kwa hiyo kupungua huanzia jikoni. Mazoezi yana kazi yake isiyo na mbadala: kulinda misuli wakati kilo zinapungua, na kuzuia kilo zisirudi. Nchini Marekani, kumbukumbu za watu waliopunguza kilo nyingi na kukaa bila kuzirudisha, zinazokusanywa tangu 1994, zinaonyesha kwamba wengi wao hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na zoezi lao kuu ni kutembea.

Vyuma viingie hapa pia, kwa sababu sahihi. Kilo ya misuli iliyotulia hutumia takriban kalori 13 kwa siku, hivyo kuongeza kilo tatu za misuli hukupa chini ya 40. Lakini misuli hupokea sukari kutoka kwenye damu, hulinda mifupa, na humwezesha mtu wa miaka 60 kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, pamoja na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na madumu ya maji yanatosha kuanzia.

Namna ya kuchagua

Tuchukue mtu wa kilo 80 anayefanya kazi ya kukaa. Mpango wa kwanza ni kukimbia kwa karibu kilomita 10 kwa saa, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Baada ya makato ya kukaa anapata takriban kalori 700 kwa wiki, ikiwa magoti yatamruhusu. Mpango wa pili ni kutembea haraka dakika 50, siku tano. Anapata takriban 1,330. Zoezi lenye nusu ya ukali limeleta karibu mara mbili. Akidumu wiki 48, kisha tukatoa ile asilimia 28, atakuwa na takriban kalori 46,000, sawa na kilo sita za mafuta kwenye karatasi. Mwilini zitakuwa pungufu, kwa kuwa atakavyopungua ndivyo kila hatua itakavyogharimu kidogo, na hamu ya kula nayo itajitokeza. Hata hivyo, mpango huo ni wa mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto, na unaweza kutekelezwa kwa kushuka kituo kimoja au viwili kabla ya kufika.

Ukali uje baadaye, kwa dozi ndogo. Baada ya miezi miwili au mitatu, katika zile dakika 50, achukue dakika moja ya kukimbia polepole baada ya kila dakika nne za kutembea. Dakika 10 tu za kukimbia zitaipandisha siku kutoka kalori 267 hadi 310, na moyo utaimarika kuliko mzani utakavyoonyesha. Kipimo cha kujiongoza ni pumzi: katika zoezi la wastani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, na katika zoezi kali huwezi kumaliza sentensi bila kuhema. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya kifua au magoti yanayovimba amwone daktari kabla ya kuongeza ukali. Maji na baiskeli huwafaa wenye magoti mabovu, kwa sababu vyote viwili huubeba mwili.

Uchaguzi wako, basi, uanze na tarakimu ya siku: ni zoezi gani utakalolifanya siku tano za wiki, mvua za masika zikinyesha, mwezi wa Ramadhani ukiingia, kazi zikibana? Ukishalipata, ongeza muda, halafu ukali, halafu siku mbili za nguvu. Baada ya miezi mitatu pima zaidi ya kilo. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, pima shinikizo la damu, na uangalie unavyohema ukipanda ngazi. Mambo hayo matatu mara nyingi hubadilika kabla ya mzani, na ndiyo yanayorefusha maisha.